Tarehe ya Mwisho ya Sabuni Yetu

Mulekera, siku ya ine, magaribi

Tena ile karatasi yetu ya kuomba musaada imerudi!

Tuko bamama saba, tunapika sabuni ya mawese hapa Beni. Bureau yenye inasaidia bamama ilituomba tuandike projet yetu, ni kusema mradi: ilianza lini, itaisha lini. Pa mwanzo niliandika tarehe tatu, juu basoda benye bunduki baliiba mapipa yetu mara tatu, na kila mara tulianza upya. Pa mwisho niliandika: "Hapana mwisho."

Leo Monsieur wa bureau alicheka. "Mama Kavira, projet inaanza mara moja, na inaisha. Kitu chenye hakiishi ni kazi tu. Kazi hatusaidie."

Nikakunja karatasi. Pipa hapana, mawese hapana, batoto bane. Niandike nini? Kwamba sabuni itaisha mwezi wa sita, na batoto baache kula mwezi wa saba?

Nikiwa njiani kurudi, bunduki zikaanza kulia upande wa Mavivi. Vita nayo imeanza mara nyingi, na hakuna mutu ameiandikia tarehe ya kuisha.

Donc, basi, vita si projet. Ni kazi ya batu. Lakini yenyewe inapata wenye kuisaidia.