Gari Lilikuwa Limeshajaa

Mshauri wetu Agnella, sijui nikuamkie au uniamkie wewe, maana redioni sauti haina umri, basi pokea salamu za mama wa hapa Ifakara anayekusikiliza kila wiki huku akipepeta mchele, nina jambo limenikaa kooni, naomba unisaidie nilimeze au nilitapike.

Mimi shule niliishia la saba lakini Mungu hakuninyima mtoto, nina Wendelin, kifungua mimba wangu, injinia kule Dodoma, ana shahada ya pili, na pamoja na kusoma kote huko akifika nyumbani anachota maji kama zamani, basi alipokuja kwa misa yake ya shukrani alikuja na gari la umeme, lake mwenyewe, halina mlio, likipita unasikia kokoto tu, na mdogo wangu Levina aliyekuja na ndizi kutoka Sanje alilizunguka lote akauliza mafuta yanaingilia wapi, tukacheka mpaka machozi.

Sasa transfoma ya mtaani kwetu ilikuwa imeungua jana yake, mtaa mzima giza, ndiyo maana asubuhi ya Jumapili Wendelin akalipeleka gari kwenye kituo cha kuchajia kilichopo barabara kuu, pale pana mashine mbili lakini moja iligoma tangu masika, na kabla hatujaingia kanisani akaangalia simu yake akasema, "Mama, limeshajaa, ngoja nikaliondoe, pale si maegesho, wengine wanahitaji." Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia liache, Jumapili hii nani atachaji, maana nilikuwa nimepanga misa ikiisha twende kwa ngoma na vigelegele mpaka pale, ili padre alibariki likiwa limechomekwa vile vile na ile taa ya kijani inawaka, watu waone gari la mwanangu linavyokunywa umeme, wapo wanaosema namjazia sifa.

Misa ikiwa katikati, tumejipanga kupeleka matoleo na mimi niko mbele na kuku mikononi, akaja mlinzi wa kituo, Ponsiano, anahema, akaninong'oneza kuwa jirani yangu Mzee Bwanaheri amefika kituoni na bajaji yake ya umeme haina chaji, mama yake amefariki Lupiro na anatakiwa mazikoni, na waya umejifunga kwenye gari letu, haufunguki mpaka mwenye gari aruhusu kwa simu. Wendelin alikuwa nyuma yangu kidogo tu, simu kaizima kwa heshima ya misa. Nikamwambia Ponsiano, "Mwambie tunakuja sasa hivi." Kisha nikaendelea kucheza kuelekea altareni. Agnella, sikusema kwa ubaya, kwetu Wapogoro mama hazikwi mwanawe wa kiume hajafika, tunakesha hata siku tatu tukimngoja mtu wa Mwanza, nikaona msiba upo tu, utaenda wapi.

Misa ikaisha, zikaja shukrani, zikaja picha. Tulipofika kituoni na vigelegele vyetu tukamkuta Bwanaheri amekaa kwenye bajaji na kanzu yake, mkewe Kadija pembeni amekumbatia furushi la nguo, na vigelegele vikaanza kufa kimoja kimoja. Wendelin alidhani mzee kaja kuliona gari, akasema, "Shikamoo mzee wangu, karibu."

Bwanaheri hakuitikia. Akasema, "Ondoa gari, baba."

"Samahani mzee, kumbe unasubiri? Ungemtuma hata mtu aniite."

Bwanaheri alimtazama yeye, akanitazama mimi, akainama kuushika ule waya. Mimi nikanyamaza.

Alichaji kiasi cha kumfikisha tu, akaondoka, na alipofika Lupiro kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Yeye ndiye mtoto mkubwa wa kiume, yeye ndiye alikuwa aingie kaburini kumpokea mama yake. Nimekuja kusikia kuwa wenzake wa bajaji walimwambia mapema, mzee, kodi gari la mafuta uwahi, naye akawajibu, "Jirani yangu kasema anakuja sasa hivi."

Tangu hapo Kadija ameurudisha ungo wangu kupitia kwa mpangaji, hata uani hakuingia, na Bwanaheri anawaambia watu kwamba kijana wa yule mama aliitwa akagoma kutoka, akaona gari lake lina maana kuliko maiti. Na mimi waliponiuliza sokoni nilisema, "Vijana wa siku hizi, utawaweza?" Nilisema hivyo juu ya Wendelin wangu. Yeye ananipigia, "Mama, mzee hapokei simu zangu, kuna mtu alikuja kuniita siku ile?" nikamjibu hapana mwanangu, hakuja mtu. Sasa anakuja kwenye arobaini ya marehemu kuomba radhi kwa kosa analodhani ni lake, ameniambia nimtafutie mbuzi mzuri, na akikaa na Bwanaheri mkeka mmoja yote yatatoka. Je, nimzuie asije, nimwambie barabara imekatika kwa mvua, mpaka watu wasahau? Naogopa mwanangu asije akaniangalia kama anaangalia mtu mwingine.

Ukiisoma barua hii jina langu lifiche, la Wendelin unaweza kulitaja, ni mtoto wa kusifika.

Mama mwenye majonzi, Ifakara

AGNELLA ANAJIBU

Shikamoo mama, umri wangu sasa umeujua.

Majina yote nimeyabadilisha, la mwanao likiwa la kwanza. Lako nilifiche, lake nilitaje, ndivyo ulivyoandika, na nadhani hukuyasikia maneno yako ulipoandika. Lakini ndivyo ulivyofanya kituoni ulipokaa kimya, na ndivyo ulivyofanya sokoni.

Pole, mama. Kumwonea fahari mtoto aliyesoma na bado anachota maji si dhambi, na mimi ningecheza na kuku wangu mikononi. Ila umekaa na Waislamu ukuta kwa ukuta, idi umekula kwao, na hujui wanavyozika? Kwao maiti hailazwi kumngoja mtu. Haya, tuseme ulisahau. Mtu mwenye msiba unamwambia ukweli: misa bado ndefu, tafuta usafiri mwingine. Angekodi gari akawahi. Gari lako lilimzibia mashine, lakini kilichomkalisha pale ni neno lako, kwa sababu alikuamini.

Habari ya kumzuia Wendelin iache. Barabara iliyokatika leo kesho inapitika, na uongo huo utakudai mvua nyingine.

Leo jioni mpigie, muulize kama amekaa au anaendesha, akiwa amekaa mwambie hivi: "Nilikuzuia kuliondoa gari. Ponsiano alikuja, nikampa jibu bila kukuambia. Ulipouliza nilikudanganya. Sokoni nilikutupia lawama wewe." Usilie kabla hujamaliza, maana ukilia ataacha kusikiliza aanze kukubembeleza, na siku hiyo si yako. Akikata simu, mwache. Ndiyo, atakuangalia tofauti. Hilo siwezi kukuondolea, lakini bora akuone tofauti kwa ulichomwambia mwenyewe kuliko kwa atakachosikia kwenye mkeka wa watu.

Kesho yake nenda kwa Bwanaheri. Nenda peke yako, bila mbuzi, bila mchele, bila Levina wa kukusindikiza. Usianze na "kwetu Wapogoro", hatakuwa na masikio ya mila zako. Sema, "Wendelin hakuambiwa. Niliyeambiwa ni mimi." Halafu rudi sokoni kwa wale wale uliowaambia ya vijana wa siku hizi, uwaambie tena, safari hii vizuri. Huyo mbuzi asinunuliwe mpaka Kadija aseme atapokelewa.

Na nyinyi mnaonisikiliza wenye magari haya na bajaji hizi, kituo cha kuchajia ni kama bomba la mtaa, ndoo ikijaa unaiondoa, hukai juu yake ukisimulia. Ukilazimika kwenda mbali, namba yako iwe kwenye kioo na simu iwe hewani, hata kama uko kanisani, weka mtetemo, Mungu hatachukia.

Mama, siwezi kukuahidi kwamba utasamehewa. Mwenzio amekosa kitu ambacho hakuna mtu wa kumrudishia, wala wewe, wala mwanao, wala mbuzi. Akikwambia ondoka, ondoka bila kunung'unika. Asiposema kitu, nenda siku ya arobaini, shika masufuria na wanawake wenzio nyuma ya nyumba, uyasugue mpaka yaishe, na habari za Wendelin usizitaje mpaka wakuulize wao.