Mbaazi Badala ya Boflo

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sote wazima hapa Malindi, na shangazi yako Rukia kaposwa.

Umeambiwa una sukari, unauliza mimi niliwezaje. Nilikuwa mwalimu kijana, kidonda cha mguu kikakataa kupona. Daktari akanipima, akaikuta sukari, akanambia, "Mkate wa boflo hupandisha sukari mbio. Mbaazi huipandisha polepole." Nikashika dawa, boflo nikaliacha.

Mama alinisihi, "Onja kidogo, mwanangu, utadhoofu."

"Mama, nnautaka mguu wangu," nikamjibu.

Asubuhi nyingi nilikula mbaazi zangu huku nikilia kwa hamu ya boflo, lakini sikurudi nyuma. Kidonda kikafunga.

Kabla hakijafunga, nilimkuta mama jikoni anaroweka mbaazi nyingi.

"Za nani zote hizo?"

"Zetu. Nshachoka kukuona unakula peke yako."

Anza kesho, Salma. Nnakula nawe.

Bibi yako,
Zuwena