Mke Wangu Anabeba Mtungi, Mimi Nabeba Funguo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimechoka kujificha bafuni nyumbani kwangu mwenyewe. Mimi ni seremala, naishi na VVU, dawa nameza bila kuruka na vipimo ni vizuri, lakini nilipoumwa mwanzoni mke wangu alininyang'anya kila kitu kizito na mpaka leo hajanirudishia. Tunakaa ghorofa ya tatu, na zamani mtungi wa gesi niliupandisha begani, yeye ametangulia na funguo, ananitania kutoka juu, "Harakisha, babu, sufuria inakusubiri!" na sasa mtungi anabeba yeye, anautua kila kona ya ngazi, mimi nyuma na funguo nahema kumshinda, hata shemeji akaniita Bwana Funguo, wote wakacheka, nami nikacheka. Kliniki wameanzisha mazoezi ya kunyanyua uzito, nikamwambia mke wangu, akasema, "Baba watoto, moyo ukipasuka mimi nibaki na nani?" Basi nanyanyua ndoo za maji bafuni, bomba nimelifungulia, pumzi nimeibana asinisikie nikihema, na juzi nikaona giza nikashika ukuta. Sitaki medali. Natamani tu anitanie tena kutoka juu ya ngazi. Niache, au niendelee kimya kimya?

Bwana Funguo

Bwana Funguo, pole, lakini umefanya ujinga. Ukibana pumzi huku unanyanyua mzigo, presha inapanda ghafla, na huenda giza lako lilitoka hapo. Pumzi hutolewa wakati wa kunyanyua, na husikika. Mtu anayejificha hawezi kufanya zoezi hili salama.

Ndoo ziache leo. Nenda kliniki ueleze lile giza bila kulipunguza, wakupime presha na moyo. Wakikuruhusu, anza na uzito mdogo mbele ya mtaalamu. Usitarajie miujiza: uzito hujenga zaidi misuli, na miguu yenye nguvu haichoshwi upesi na ngazi, lakini moyo na mapafu yanataka pia utembee haraka haraka. Fanya vyote viwili, na dawa uendelee kumeza kama kawaida. Kifua kikiuma au kichwa kikizunguka, simama, useme.

Mkeo usimlaumu. Wewe uliumwa, yeye ndiye aliyekutazama, na bado anakuona vilevile. Nenda naye kliniki. Akae kwenye benchi akuone unahema, unapumzika, unarudi sawa. Maswali yake amuulize mtaalamu. Wewe hapo nyamaza. Mpaka hapo mlipeni kijana aupandishe mtungi, nyote wawili mpumzike.

Siku mtaalamu atakaposema mgongo na pumzi vinatosha, gesi ikiisha usitoe hotuba. Shuka naye, inama vizuri, uweke mtungi begani. Kisha mpe funguo, atangulie.