Zuhura na Kaburi la Mwenye Farasi

Mtunda, Jumanne. Mvua imepumzika lakini wingu halijaondoka. Nimeanika muhogo, nimeuanua, nimeuanika tena. Mikono inatafuta kazi tu.

Ninaogopa.

Mwanangu Zuhura anasomea mambo ya kale huko Bulgaria. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, akasema mama, mawazo yakikuzidi andika. Leo asubuhi kanitumia picha ya kilima. Juu yake kuna mawe yaliyochongwa, walikuwa wakiabudia hapo watu wa zamani sana waitwao Wathrakia. Chini ya mawe kuna kaburi la mkubwa wao mmoja. Kesho wanalifungua. Njia yake ni finyu, imeegemezwa mbao, na katika wote mwembamba ni yeye. Kwa hiyo atatangulia yeye, kwa tumbo, na taa kichwani.

Mzee huyo alizikwa na farasi wake.

Mtu aliyezikwa na farasi hajalala. Huyo yuko safarini.

Sisi huku hata ukitaka kukata mti karibu na kaburi la mzee wa ukoo, unapeleka unga mweupe na ubani, unamwita kwa jina lake, unamweleza shida yako. Ustadhi anatukemea kila mwaka. Na kila mwaka tunapeleka.

Nikaona nimfanyie mwanangu hapahapa nyumbani. Nikatia unga kwenye kisahani, nikamwendea mama mkwe, maana yeye ndiye hutuombea. Alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza yote.

"Mwenyewe anaitwa nani?"

Nikasema hajulikani, jina lake limepotea.

"Sasa mimi nimwite nani? Nikisema tu wewe mzee, si watageuka wote?"

Nikamwambia tumwite Mwenye Farasi. Akanitazama, akarudi kwenye mchele wake.

"Na akiitika, utamjibu Kindengereko?"

Nilicheka. Kisha nikarudi na unga wangu, nikakaa nao mapajani machozi yananitoka.

Alasiri Zuhura akapiga simu. Nilikusudia kumkataza, maneno nilishayapanga. Akaniwahi. Kawaambia wakubwa wake haingii mpaka mama yake atoe radhi. Wenzake wamemcheka kidogo, lakini wanasubiri. Nikisema hapana ataingia mwingine, wala yeye hatanuna.

Ile sauti sikuipenda. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejiandaa kunyimwa.

Nikamwambia akifika mlangoni abishe hodi mara tatu, atoe salamu, atangulize mguu wa kulia.

"Mama, natambaa kwa tumbo."

"Basi mkono wa kulia. Na usimguse farasi kabla hujamsalimia mwenyewe."

"Kwa hiyo niingie?"

Nikaziona zile mbao. Nikauona udongo juu yake.

"Ingia, mwanangu. Radhi yangu unayo."

Alifurahi mpaka simu ikakwaruza. Mimi tangu hapo sijameza kitu. Mama mkwe kaniletea uji, akaketi nami mkekani.

Ningesema hapana, angebaki nje. Hapana ilikuwa imeshafika mdomoni.

Ya Rabi, nimemwambia ingia.