Jina Chini ya Wino Mweusi

Jumatatu, 3 Machi

Limepita! Pendekezo langu limepita kikaoni bila hata mtu kukohoa. Maombi ya kazi ya mtafiti yatasomwa majina yakiwa yamefichwa. Kalamu nene nyeusi, unapaka juu ya jina, basi. Kila ombi linabaki na namba tu. Hata barua za majibu zitatoka kwa namba.

Nilisema sana leo. Nikawauliza wenzangu: miaka tisa tumeajiri watafiti wangapi ambao hatukuwajua, au hatukuwajua baba zao? Mkuu wa idara akasema, "Kwa kifupi, Dokta ana hoja," halafu akaendelea dakika ishirini na tano. Ndiyo maana tunamwita Profesa Kwa Kifupi. Kwa siri, lakini.

Karani alinifuata nje. Eti nikishapaka wino nitoe kopi, nigawe kopi, nisigawe karatasi zenyewe. Nikamwambia mashine ina siku tatu imekufa na maombi ni thelathini na moja, tusipoteze muda. Akainua mabega. "Haya, Dokta." Huyu naye, kila kitu kwake kopi.

Nimepaka mwenyewe mchana kutwa, nikikinga macho kwa mfuniko wa kasha, nisione jina hata moja. Vidole vyangu vyeusi kama fundi wa magari. Nimefurahi.


Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kumi na manane. Usingizi mtupu. Kila mtu "ana ari", kila mtu "anajituma".

Halafu Namba 22. Lo! Huyu kapima maji ya visima arobaini na kimoja, kwa mkono wake, misimu miwili. Visima vitatu vilimkatalia, majibu hayakulingana na mengine. Hakuvificha! Kaandika ukurasa mzima kueleza labda alikosea wapi yeye. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri huo ningevitupa vile visima nikajifanya hamnazo.

Nimempa 86. Sijawahi kumpa mtu 86. Nimecheka peke yangu ofisini hadi Mama Funguo akachungulia: "Kheri, Dokta? Au ndiyo tumeanza kuongea na makabati?"

Mama Funguo ndiye anayefagia ghorofa yetu, mwaka wa kumi na moja huu. Funguo za vyumba vyote anazo kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona.


Jumatano, 5 Machi

Sijui niandikeje.

Nilitaka kujua tu. Nani huyu? Nimewahi kumfundisha? Nikaisogeza karatasi ya 22 dirishani, jua la saa nne likapiga kwa nyuma. Jina likajitokeza chini ya wino, herufi zote, safi. Karani alijua. Kumbe ndiyo maana ya kopi.

Jina la ukoo ni lile lililodariziwa kwenye mfuko wa sare ya Mama Funguo. Watu wa jina lile hapa hawapo wawili. Na ana binti. Mwaka juzi aliniambia binti anamaliza shahada ya uzamili, mambo ya maji, kama mimi. Nikasema "hongera" bila kutoa macho kwenye kompyuta.

Nilikaa. Nikafikiri — hebu niandike nilichofikiri, maana hapa hasomi mtu. Nilifikiri: ofisi iliyo wazi ni ile inayopakana na yangu. Binti atakaa pale, mama ataingia na ndoo kumfagilia. Tutakunywa chai meza moja. Na mama mtu ananijua mno! Anajua nalala mchana chini ya meza. Alinikuta nalia siku waliponikatalia uprofesa. Alinisikia nikimfokea yeye mwenyewe, kwa sababu ya karatasi ambayo kumbe niliikalia. Yote hayo yahamie chumba cha pili, yawe na shahada?

Nikajiambia namhurumia binti wa watu, asije akaona haya. Mwongo mkubwa mimi. Nikakata 86. Nikaandika 64. Kwenye nafasi ya maoni: "Huenda asiendane na mazingira ya idara."

Mazingira ya idara! Mimi ndiye niliyesimama juzi kusema maneno hayo yapigwe marufuku.


Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha jopo. Wanaitwa watano kwenye usaili. Namba 22 kawa wa sita. Kakosa kwa alama isiyofika moja.

Bwana Takwimu, wa tatu kwenye jopo letu, alinishangaa. Yeye kampa 84, Profesa kampa 81. "Dokta, wewe umemwona na nini huyu?" Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu nilikosea kunakili. Hata uongo huo mdogo ungemwokoa! Nikasema, "Mazingira ya idara." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama nimesema jambo la kina. Wakaendelea na namba nyingine.

Kisha Profesa akanisifu. Kwa kifupi, mwaka huu ndio wa haki kuliko yote. Ijumaa ijayo nizungumze mbele ya chuo kizima, ukumbi mkubwa, kuhusu kuwafungulia mlango watu wa kila aina. Wakapiga makofi. Watu wawili na karani. Karani alipiga mara moja.


Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga simu. Kasikia habari za hotuba, anachekelea. "Safari hii utamtaja Mama vizuri?"

Najua anachosema. Mama yetu alifua mashuka ya wodi miaka ishirini na sita. Mikono yake ilinuka dawa hata siku ya harusi yangu. Mimi mbele za watu husema "mama yangu alifanya kazi hospitali." Watu wanaelewa muuguzi. Sikuwahi kusema muuguzi. Sikuwahi kuwasahihisha pia.

Nikamwambia dada mtandao unasumbua.


Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi. Funguo, kisha mlango. Ana karatasi mkononi.

"Dokta, hii ilidondoka nyuma ya kabati. Nikaona ina namba namba, nikasema isije ikawa ya maana."

Ilikuwa karatasi yangu ya alama. Ile yenyewe. Nikaipokea kwa mikono miwili, kama ninapewa mtoto.

Akacheka. "Huyu ishirini na mbili amekukosea nini? Umemkata mpaka kalamu imetoboa upande wa pili!"

Nikacheka na mimi. Nikacheka! Nikasema ni hesabu tu, nilikosea kujumlisha.

"Aa. Afadhali ni hesabu. Nilidhani ni mtu."

Akafuta meza yangu. Kila siku huinua picha ya Mama, hufuta chini yake, huirudisha ilivyokuwa. Leo sikuweza kutazama. Nilikwenda kunawa uso, nikakaa chooni mpaka nikasikia funguo zimefika mwisho wa korido.

Barua zinatoka Jumatano. Kuna siku mbili. Nitaongea na Profesa. Lazima.


Jumatano, 12 Machi

Saa tatu nilikuwa mlangoni kwa Profesa. Yuko kwenye simu. Akaniashiria ningoje. Nilingoja dakika nne hivi, nimejipanga, nimepiga moyo konde, maneno yako kwenye ulimi. Kisha nikaona mwenyewe miguu inaondoka.

Saa tano nikamuuliza karani, barua vipi?

"Zimeshaondoka, Dokta. Saa nne, kwa barua pepe."

Nilipumua. Nikasikia raha, kweli kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hapo ndipo nilipojua mimi ni mtu wa namna gani. Si kule dirishani. Hapa.


Alhamisi, 13 Machi

Hakuja. Yaani alikuja, lakini hakuingia. Funguo zikafika mlangoni kwangu, zikasimama. Nikakaa wima, nikashika kalamu. Kisha zikaendelea.

Miaka kumi na moja. Vumbi la siku moja tu juu ya meza, na naliona lote.


Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi alibisha. Hajawahi kubisha, ana ufunguo!

Hakukaa. Akasema binti yake amepata barua.

Nikasema, "Binti yako aliomba?" Ndiyo. Nilisema hivyo. Macho makavu.

Akasema aliomba, na wao wawili walikubaliana wasiniambie. "Alitaka kuja kukusalimia, nikamkataza. Nikamwambia Dokta ameweka utaratibu wa kuficha majina, tusimtie majaribuni. Tumwache afanye kazi yake."

Tusimtie majaribuni.

Kisha akasema barua haina jina, ina namba. Hakuitaja. Hakukuwa na haja. Aliangalia droo nilikoifungia ile karatasi — anajua naficha vitu wapi, nani mwingine ajue?

"Uliniambia ni hesabu."

Nikaanza kutafuta hotuba mezani.

"Mimi nauliza moja tu, Dokta. Ulikuwa unajua ni nani?"

Hapo Profesa akaingiza kichwa, mchangamfu, tai mpya. Dokta twende, ukumbi umejaa! Akamgeukia Mama Funguo: na ukumbi wa pembeni bado umefungwa, mama, watu wanakaa wapi? Yeye akajibu anakuja kufungua. Akaniambia, bila hasira yoyote, na hilo ndilo limenivua nguo: "Nenda, wanakungoja. Mimi nitakuwepo. Siruhusiwi kuondoka mpaka nifunge."

Nilichukua hotuba. Nikafungua droo, nikachukua na ile karatasi.

Sasa niko meza kuu. Naandika kwenye daftari hili, watu wanadhani najiandaa. Profesa ananitambulisha, kasema "kwa kifupi" mara mbili, kwa hiyo muda upo. Maji ya kunywa mbele yangu, sijayagusa. Dada yuko mstari wa pili, kavaa vizuri. Bwana Takwimu yupo. Karani amesimama ukutani.

Hotuba inaanza: "Kila mtu ana haki ya kupimwa kwa kazi yake." Sentensi hiyo niliiandika mwezi wa pili, kwenye pendekezo langu. Nilikuwa naiamini.

Nikisema kweli, Namba 22 ataitwa, usaili ni Jumatano, nafasi ya kumwita bado ipo. Na mimi sitakaa kwenye jopo lolote tena. Pengine wala chuoni hapa. Nikinyamaza, nitapigiwa makofi. Hesabu si ngumu. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Profesa anasema: "...na leo hii, binti wa muuguzi wa kawaida kabisa..."

Dada ameinua kichwa. Ananitazama mimi, si Profesa.

Mama Funguo yuko mlangoni kwa nyuma, na sare yake. Funguo amezishika kwa mikono miwili, zisilie.

Makofi. Yeye hapigi. Nimeitwa. Nina karatasi mbili, hotuba na ile ya alama, na naona kipaza sauti kimewekwa juu mno, itabidi nikishushe kwanza —