Mzee Kanishinda kwa Alama

Jumanne, 4 Machi
Ulikuwa wapi muda wote huu, wewe bibi? Paka analalia daftari, kalamu imekauka. Shule hukuiona, ukajifunza herufi uzeeni, ukaringia mtaa mzima, halafu kimya. Haya, najiambia, kaa uandike.

Leo wamepita watu wa serikali, nyumba kwa nyumba, kupima presha na sukari. Kwetu kaingia binti mmoja na kimashine chake. Kanitoboa kidole. Tano, kasema, safi bibi. Mzee wangu akatoa chake, hata hakukunja uso. Kumi na tisa. Binti akaguna — iko juu sana, babu, Jumatatu ufike kituo cha afya bila kukosa. Mvua ikaanza, akakimbilia nyumba ya pili.

Mzee akanitazama kama jogoo. Kumi na tisa kwa tano, kasema, na kisomo chako hicho. Nimenuna mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi
Hatulii. Kaenda kumtangazia kinyozi. Kinyozi ana sita. Mzee kampa pole, eti ajitahidi mwakani. Anadhani Jumatatu anaitwa kupewa zawadi. Kamaliza jagi la maji peke yake. Furaha, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa jirani, fundi cherehani, kufuata gauni langu. Nikamlalamikia zile alama. Akaacha kukanyaga cherehani. Shoga, kasema, marehemu mume wangu alikuwa na sukari kumi na saba. Walianza kwa kumkata mguu.

Nimerudi na gauni lisilo na vifungo.

Nikamwambia Mzee. Kacheka. Wivu huo, mke wangu, kubali kushindwa. Nikamwambia mjinga wewe, ukifa nitagombana na nani? Akaomba maji.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi. Kavaa shati alilomwozeshea binti yetu. Nikasema, kumbe umekubali. Kasema anafuata zawadi yake. Sijui kama anatania — macho hayakucheka.

Nimemshikia kiatu avae. Ndani kuna kijiwe. Jana alikwenda nacho kwa kinyozi na kurudi. Nikamvua soksi: damu imegandia kidoleni. Nikabonyeza. Inauma? Nini kinauma? kaniuliza.

Nimemfunga kitambaa safi. Sasa ananiita mlangoni, mama twende, tutachelewa.

Wewe bibi, ukirudi kukaa hapa usinianzie na paka wala kalamu. Anza na mguu.