Fundi, Uchovu Wako Haukuwa Uvivu

Fundi Mwadime,

Kuna jambo nimelisema mbele za watu ambalo ungekuwa hai ungenikanyaga mguu ninyamaze. Nimelisema huko kwenu Sagalla, kwenye kanisa lenu, mke wako Mama Nyambu akiwa amekaa mstari wa pili. Ukitaka kukasirika, kasirika. Lakini nisikilize kwanza.

Siku tulipokuzika walisema siku yako ilikuwa imefika. Nilisimama pale na udongo mkononi nikasema moyoni, hapana. Siku haikuwa imefika. Ulianguka kutoka jukwaa la ujenzi pale Mwakingali kwa sababu ulikuwa umechoka. Ulikuwa umechoka kwa miaka, na hakuna aliyekuuliza kwa nini. Wewe uliyenifundisha kusimamisha kona ya nyumba, uliyekuwa ukifika mjengo kabla mlinzi hajafungua lango, ukawa unasinzia saa ya chai na kikombe mkononi. Vijana wa kubeba karai za zege wakicheka. "Mzee amemalizwa na bibi." Jirani yako Kilonzo naye alikuwa anasema hivyo hivyo, na wewe ukacheka pamoja nao. Kisha ukaniona nakutazama. "Ni umri, Mwakio," ukaniambia. "Hata wewe utafika."

Nimefika, Fundi. Nimefika na miaka thelathini na minane.

Ilianza polepole. Nalala mapema, naamka kama mtu aliyebeba mawe usiku kucha. Mwiko ukawa mzito. Kichwa kikawa kinauma hapa nyuma ya macho. Na lile lingine, lile ambalo wanaume hatulitaji: sikuwa na hamu na mke wangu. Wakesho akafikiri nimepata mwanamke mwingine huko Voi. Jioni moja akaniuliza. Nikamwambia sina mwingine, na hata nguvu ya kuwa na mwingine sina. Alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akasema, "Basi utapimwa. Mimi sitakaa mjane kama Mama Nyambu kwa sababu ya aibu yako."

Nikaenda kwenye kliniki moja mjini. Nilitoka mjengo mchana, nikala wali na maharagwe, nikaingia. Wakatoa damu. Majibu yakasema homoni ya kiume, testosteroni, iko chini ya kiwango. Yule bwana aliyenihudumia akaninong'oneza kama mtu anayeuza bangi: kuna sindano, unaanza leo leo, wiki chache utakuwa simba. Fundi, nilikuwa nimeshalegeza mshipi.

Nikakukumbuka. Nilikumbuka ule ukuta wa shule kule Ronge, ulionifanya niubomoe mbele ya vibarua wote. "Umepima mara ngapi?" ukaniuliza. Mara moja, Fundi. "Basi hujapima." Nilikuchukia siku ile, wallahi. Nikakaza mshipi, nikamwambia yule bwana nitarudi. Sikurudi.

Kwenye hospitali kubwa nilimpata daktari wa kike, bado kijana, ambaye hakupunguza sauti hata kidogo. Aliangalia majibu yangu akauliza, "Damu ilitolewa saa ngapi? Ulikuwa umekula?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Homoni hii, akasema, huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga, na chakula pia huishusha. Kipimo kimoja cha mchana, na tumbo limeshiba, hakitoshi kumhukumu mwanaume. Kirudiwe siku nyingine, asubuhi na mapema, kabla sijatia kitu mdomoni.

"Na kikiwa chini tena?" nikauliza.

"Basi ndiyo tunaanza kazi. Tutauliza kwa nini."

Akanieleza kwamba huenda korodani zenyewe zimechoka, au huenda kile kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo hakizitumi kazi. Na uchovu, akasema, una njia nyingi za kuingia: sukari, upungufu wa damu, tezi ya shingoni, mtu anayekoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, hata mawazo. Fundi, nilipokaa pale nikisikiliza nilikuwa nakusikia ukikoroma ile siku tulipolala kwenye stoo ya saruji, unanyamaza kabisa, halafu unashtuka kama mtu anayetoka majini. Tukacheka. Sote tulicheka, hata wewe tulipokuhadithia.

Kisha akaniuliza kama nataka watoto zaidi. Nikasema tunataka mmoja. "Hizo sindano walizotaka kukupa zinaweza kuzima mbegu," akasema. Kule kliniki hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Mwisho akaniambia nimtazame puani, akanyoosha vidole pembeni, huku na huku. "Niambie ukiviona." Sikuviona mpaka vilipokuwa karibu na uso wake. Miezi yote ile nilikuwa nagonga mabega kwenye fremu za milango niliyoiweka mwenyewe, nikadhani ni uzembe.

Majibu ya asubuhi yalirudi. Testosteroni chini tena. Zile homoni za kitezi zinazoiamrisha, chini pia. Lakini moja ilikuwa imepanda vibaya sana, inaitwa prolaktini, ile inayowapa akina mama maziwa. Nikamuuliza daktari kama sasa nitanyonyesha. "Bado," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Wakesho alinipeleka Mombasa kwa treni kupigwa picha ya kichwa. Alinishika mkono njia nzima mbele ya watu, na sikuutoa. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye kile kitezi, mkubwa kuliko punje ya hindi, unaobana mishipa ya macho. Si saratani. Unatibika kwa vidonge, vidogo mno, mara mbili kwa wiki. Ningeanza zile sindano, ningejiona nimepona huku uvimbe unakula macho yangu taratibu. Ningeanguka siku moja kutoka juu, Fundi. Wangesema siku yake imefika.

Vidonge vimefanya kazi. Kichwa kimetulia, pembeni naona, na asubuhi naamka nikiwa mtu. Hayo mengine muulize Wakesho, atajificha uso kwa leso.

Basi ikaja ibada ya kukukumbuka. Tulikuwa tunakunywa chai ndani ya kanisa kwa sababu ya upepo wa vumbi nje. Kilonzo akainuka kutoa neno, akasema ulikuwa mtu mwema, ila mwisho ule uvivu ulikushika. Watu wakaguna wakicheka kwa heshima, kama wanavyocheka matangani. Nikamwona Mama Nyambu akiinamisha kichwa.

Nikasimama. Sikuomba ruhusa. Nikasema, mimi Mwakio, homoni yangu ya kiume ilikuwa chini, nilikuwa sina nguvu kazini wala kitandani, na mimi si mvivu. Nikawaambia kila kitu, kipimo cha kwanza na cha pili, mpaka prolaktini. Mchungaji alikohoa. Wazee wakatazama viatu vyao. Kilonzo akaniambia nikae chini, haya si maneno ya kanisani. Nikamwambia, kama la uvivu wa Fundi ni neno la kanisani, hata hili ni la kanisani.

Sikusema ulikuwa na ugonjwa wangu. Sijui ulikuwa na nini. Hakuna atakayejua sasa, na hilo ndilo linaloniuma, ndilo linalonifanya nisinyamaze.

Mama Nyambu akainua kichwa. "Kwa hiyo hakuwa mvivu?" Aliuliza kama mtu anayeogopa jibu. "Walisema ni mimi niliyemmaliza. Mpaka dada zake walisema."

"Hakuwa mvivu, Mama. Alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyempima."

Alilia kwa sauti, Fundi. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi. Na wale dada zako wawili walitoka kwenye viti vyao, wakaenda kumshika.

Baadaye, nikinawa mikono kwenye tangi, Kilonzo alinifuata. Alisimama akipapasa kofia yake. "Ni asubuhi kabla ya chai, eh?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kabla ya chai. Tukaenda naye wiki iliyofuata. Yake ni sukari. Ameanza dawa.

Sasa nakuaga. Siahidi kwamba sitalia tena juu yako, hilo siliwezi. Nakuahidi hili: hakuna mtu atakayesinzia kwenye mjengo wangu nikamwacha achekwe. Nitamketisha chini, nitamuuliza, na asipotaka kwenda hospitali nitampeleka mwenyewe. Na siku mimi nikichoka tena nitasema, kwa sauti, popote nilipo.

Pumzika, Fundi wangu. Ulistahili kupumzika ukiwa hai.

Mwakio